Kalamu Ibaki Mkononi Mwake: Mwongozo wa Kufundisha Mwanafunzi Mmoja Mmoja

Mwanafunzi wangu wa kwanza wa twisheni alikuwa binti wa miaka 13, na nilimfundisha hesabu miezi mitatu mfululizo. Nilijiona mwalimu hodari. Nilieleza kwa utaratibu, nikachora, nikatoa mifano, na kila nilipomuuliza "umeelewa?" aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Mtihani ulipofika akapata alama 31 kati ya 100, mbili tu zaidi ya zile alizonijia nazo. Jioni ile nilichukua daftari letu nikalipekua ukurasa baada ya ukurasa, na jibu nikaliona bila kuambiwa na mtu: mwandiko uliojaa mle ulikuwa wangu. Miezi mitatu mimi ndiye niliyekuwa nafanya hesabu. Yeye alikuwa mtazamaji.

Yote ninayoyaandika hapa yalianzia kwenye daftari lile. Ni ya mwalimu anayekaa meza moja na mwanafunzi mmoja, au wawili watatu kwa wingi, iwe ni hesabu, lugha au sayansi. Mifano mingi ni ya hesabu kwa kuwa ndiko nilikozoea, lakini mwalimu wa insha ataona mwenyewe pa kubadilisha.

Kabla ya hatua zenyewe, neno moja kuhusu nguvu ya kazi hii. Mwaka 1984 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa ana kwa ana aliwapita takribani asilimia 98 ya wenzake waliofundishwa darasani kwa njia iliyozoeleka. Tafiti zilizofuata zilikuta faida ndogo kuliko hiyo, ingawa bado si haba. Wengi wanaoitaja hesabu ya Bloom wanaruka jambo moja: wanafunzi wale hawakuwa na mwalimu wa peke yao tu. Walipimwa mara kwa mara, wakarekebishwa, na hawakuvuka mada mpaka wameimudu. Kumkalia mtoto ubavuni kwenyewe hakumfundishi kitu.

HATUA YA 1: Kikao cha kwanza usifundishe chochote

Huu ndio ushauri ambao walimu wapya huwa hawaupendi, maana mzazi amelipa na wewe unataka kuonyesha kazi. Vumilia. Mwambie mwanafunzi aje na karatasi zake tatu za mwisho za mtihani pamoja na daftari la darasani. Alama zilizoandikwa juu zipite tu, macho yako yawe kwenye makosa.

Makosa nayagawa mafungu matatu. Kuna asichokijua kabisa. Kuna anachokijua ila alipotea njiani: alinakili 6 ikawa 9, au alisahau alama ya kutoa. Na kuna swali ambalo hakulielewa lilikuwa linataka nini. Fungu hili la tatu linafichika sana. Mtoto anaweza kuitwa mbovu wa hesabu miaka miwili, kumbe shida yake ni kusoma. Mpe swali la maneno, asome kwa sauti, kisha afunike karatasi akusimulie kisa chenyewe bila kutaja namba hata moja. Akishindwa kusimulia, usimlaumu kwa kushindwa kukokotoa.

Baada ya hapo shuka ngazi. Anza na mada wanayosoma sasa darasani. Ikimshinda, uliza ile iliyo chini yake, kisha iliyo chini ya hiyo, hadi ufike mahali anapojibu bila kusitasita. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni madarasa matatu nyuma. Aliyekwama kwenye milinganyo mara nyingi amekwamishwa na hesabu za sehemu (kama 1/2 na 1/3), na aliyekwamishwa na sehemu huenda jedwali la kuzidisha halijamkaa.

Sasa tazama kosa hili kwa karibu. Mwanafunzi ameandika:

52 − 38 = 26

Ukimwambia "kuwa makini" umempoteza, kwa sababu alikuwa makini. Mpe nyingine tatu: 71 − 46, 83 − 57 na 64 − 29. Akikuletea 35, 34 na 45, basi una kanuni mbele yako, wala si uzembe. Mtoto huyu katika kila safu anatoa namba ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Yawezekana aliambiwa siku moja kwamba "huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo", akalipokea neno hilo kama lilivyo. Vivyo hivyo anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 hajabahatisha: ameona 35 na 4, akachagua 35. Ukiijua kanuni yake, una kazi ya dakika 20. Usipoijua, utaeleza utoaji upya mwezi mzima na yeye ataendelea na yake.

Maneno ya kuifichua kanuni hiyo ni "nionyeshe ulivyofanya." Usiseme "kwa nini umekosea?", kwa kuwa hilo halina jibu ila kunyamaza na kuinamisha kichwa.

Kabla hajaondoka muulize pia: "Hesabu zilianza kukushinda tangu lini?" Utashangaa wangapi wanajua hadi mada yenyewe. Na swali la mwisho la kikao liwe analoliweza. Aondoke akiwa amepata.

HATUA YA 2: Zungumza na mzazi, lakini si juu ya kichwa cha mtoto

Mama mmoja alinipokea mlangoni kwa maneno haya, mwanawe akiwa amesimama pale pale:

"Mwalimu, huyu si mjinga, ni mvivu tu. Mbane."

"Mama, nipe vipindi vinne kwanza. Nikiviona ndipo nitakwambia tatizo ni nini."

Kijana alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Tangu siku hiyo sikubali kumjadili mwanafunzi mbele yake kana kwamba hayupo. Nikilazimika kusema kitu akiwepo, nataja jambo moja alilolifanya siku hiyo, tena kwa undani: "Leo amegundua mwenyewe kosa lake kwenye swali la nne." Mengine tunayaongea pembeni.

Kubalianeni mapema mambo machache: utakuwa unatoa taarifa lini, mafanikio mtayapima kwa nini zaidi ya alama za mtihani, na kwamba mzazi hatakaa mezani kumjibia mtoto. Fundishia mahali pa wazi, mlango usifungwe, na mtu mzima wa nyumbani awe karibu. Ni kinga ya mtoto, na ni kinga yako pia. Kazi za shule za kukusanya usimfanyie hata ukiombwa kwa machozi.

HATUA YA 3: Lengo liwe dogo hadi lishikike

"Nataka kufaulu" ni dua njema, lakini huwezi kuipangia kipindi. Lengo ni kama hili: "Baada ya vipindi vitatu nitajumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti bila kuangalia mfano." Aliandike yeye, kwa mwandiko wake, ukurasa wa kwanza wa daftari, na tarehe. Likifikiwa alipige mstari, aandike jingine. Zaidi ya hapo sina la kusema, maana nimeona walimu wanaotengeneza mipango ya kurasa kumi na hawafiki ya pili.

HATUA YA 4: Saa moja inavyokwenda

Huu ndio mgao wangu, nao nimeuzoea kiasi kwamba nikiuvunja mwanafunzi ananiuliza kuna nini.

Dakika 10 za mwanzo daftari linafungwa. Aandike kwenye karatasi tupu yote anayokumbuka ya kipindi kilichopita, au ajibu maswali manne ya zamani bila kuangalia popote. Walimu wengi huanza kwa kurudia wao: "Wiki iliyopita tuliona kwamba..." Usimrudilie. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma na kusoma tena, jingine lilisoma kisha likajaribu kukumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojikumbusha wenyewe ndio waliokuwa mbele. Kusoma tena kunampa mtu hisia ya kujua. Kukumbuka kwa taabu ndiko kunakompa ujuzi wenyewe, ingawa wakati ule anahisi ameshindwa. Mweleze hilo mwanafunzi waziwazi, la sivyo atadhani unamwonea.

Dakika 5 ni za kazi aliyokwenda nayo. Ikaguliwe kweli. Ukiiacha mara mbili bila kuitazama, umemfundisha kwamba haina maana.

Dakika 15 ni za jambo jipya, moja tu. Mimi natumia mfano unaopungua. Kwanza naandika mfano mzima, yeye akieleza kila mstari umetoka wapi:

3(x + 2) = 21
3x + 6 = 21
3x = 15
x = 5

Mfano wa pili naukatiza mwishoni: 4(x − 1) = 20, kisha 4x − 4 = 20, kisha 4x = 24, na mstari wa mwisho ni wake. Wa tatu naukatiza mapema zaidi: 5(x + 3) = 50, kisha 5x + 15 = 50, na kutoka hapo anaendelea mwenyewe. Wa nne ni wake wote. Njia hii inamfaa sana anayeanza, kwa sababu akili ya mgeni haiwezi kutafuta njia na kujifunza njia kwa wakati mmoja. Lakini kwa aliyekwisha kuzoea, mifano mirefu inamchosha bure. Mpe swali aende.

Dakika 20 ni za mazoezi, na hapa mwalimu anyamaze. Usimpe maswali ishirini ya aina moja. Baada ya matatu ya aina mpya, changanya na ya mada za nyuma: moja la asilimia, moja la eneo, moja la mlinganyo. Maswali ya aina moja yakifuatana hafikirii tena ni njia ipi, anarudia mkono tu. Mtihani utamchanganyia. Ataona mazoezi mchanganyiko ni magumu na atakosa zaidi mwanzoni, lakini vumilieni wote wawili.

Dakika 10 za mwisho mnabadilishana viti. Yeye mwalimu, mimi mwanafunzi mzito wa kuelewa. Nakosea kwa makusudi, tena kosa lile lile alilonifanyia wiki iliyopita. Wanalipenda hili kuliko kitu chochote, na mimi naona pale pale kilichoingia na kilichobaki nje.

HATUA YA 5: Uliza, kisha nyamaza

"Umeelewa?" ni swali lisilo na faida. Mtoto mwenye adabu atasema ndiyo, mtoto mwenye haya atasema ndiyo, na asiyeelewa kabisa hajui kwamba hajaelewa, kwa hiyo naye atasema ndiyo. Badala yake uliza: "Utaanzia wapi?" "Nieleze kama vile mimi sikuwepo." "Umejuaje?" Hili la mwisho uliulize hata jibu likiwa sahihi. Ukiliuliza kwenye makosa tu, watakariri kwamba "umejuaje" maana yake "umekosa", nao watafuta haraka walichoandika.

Kisha subiri. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani, aligundua kwamba walimu wakishauliza swali husubiri takribani sekunde moja tu kabla ya kuongea tena. Waliporefusha hadi sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde tatu ni chache mno kwenye karatasi, ila ukikaa mbele ya mtoto aliyekunja uso unaziona kama nusu saa. Mimi nahesabu kimoyomoyo hadi tano.

Akikwama kweli, msaada utolewe kwa kijiko. Kwanza kimya. Pili: "Soma tena swali, taratibu." Tatu: "Linafanana na lipi tulilowahi kufanya?" Nne, mtajie hatua ya kwanza tu. Tano, mfanyie swali jingine linalofanana, kwenye karatasi nyingine, kisha rudini kwenye lake. Hakuna ngazi ya sita inayosema "lete nikuonyeshe". Mkono wangu ulikuwa unanisaliti sana hapa, ukienda wenyewe kwenye kalamu ya mtoto. Dawa niliyoipata ni ya kuchekesha: nakalia viganja vyangu. Wanafunzi wameshanizoea.

HATUA YA 6: Kosa lisifutwe

Kwenye meza yangu kifutio hakipo. Aliyekosea anapiga mstari mmoja mwembamba, kosa linabaki linasomeka, na sahihi linaandikwa chini yake. Kosa lililofutwa haliwezi kuchunguzwa.

Chukua kosa maarufu kuliko yote:

1/2 + 1/3 = 2/5

Kijana aliyeniandikia hili alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na alikuwa na uhakika. Ningeweza kumwambia atafute kigawe kidogo cha shirika, akanifuata kama kipofu, na baada ya wiki mbili akarudi kulekule. Tulikwenda hivi:

"Mbili ya tano na nusu, ipi kubwa?"

Akafikiri. "Nusu ya tano ni mbili na nusu... Nusu ndiyo kubwa."

"Sawa. Ulikuwa na nusu. Nikakuongezea theluthi. Sasa una ngapi?"

"Mbili ya tano."

Nikanyamaza. Moja, mbili, tatu.

"Ah! Mwalimu, imepungua!"

"Nimekuongezea, imepungua?"

Akacheka, akaipigia mstari mwenyewe. Hapo ndipo nikampa ukanda wa karatasi aukunje vipande sita sawa. Akapaka rangi vitatu kwa ajili ya nusu, viwili kwa ajili ya theluthi, akahesabu vitano. 3/6 + 2/6 = 5/6. Asili ya pamoja ikawa kitu alichokikunja kwa vidole. Amri ya mwalimu haikuhitajika tena.

Anayeandika kwamba (a + b)² ni sawa na a² + b² naye usimhubirie. Mwambie aweke 3 na 4. Upande mmoja anapata 49, upande wa pili 25. Atanyamaza, kisha ataanza kuitafuta 24 iliyopotea, na akiitafuta atakutana na 2ab njiani.

Makosa yaliyokwisha kueleweka yanahamia kwenye daftari la makosa, lenye safu tatu: nilichoandika, nilichokuwa nafikiri, kilicho sahihi. Safu ya katikati ndiyo yenye thamani, na ndiyo wanayotaka kuiruka. Usikubali. "Nilisahau" halitoshi, alisahau nini, na aliweka nini mahali pake?

Kwa insha nabadilisha kidogo. Ukirudisha ukurasa uliojaa wino mwekundu, mtoto ataona wekundu tu. Chagua aina mbili za kosa kwa wiki, kwa mfano upatanisho wa ngeli na mpangilio wa aya, mengine yapite kwa sasa. Najua walimu wa lugha watanilaumu.

HATUA YA 7: Ari

Watu huniuliza namna ya kuwapa wanafunzi hamasa wakitarajia nitoe hotuba. Sina hotuba. Nimejionea kwamba ari huja baada ya kuweza, mara chache sana kabla. Mtoto anayechukia hesabu anachukia kushindwa mbele ya watu, kama mtu yeyote. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ya hamasa ni kupima ugumu: maswali nayapanga ili apate kama 8 kati ya 10. Akipata yote, nimempa mepesi na nimempotezea muda. Akipata matano, jioni hiyo anarudi nyumbani akiwa na ushahidi mpya kwamba hawezi.

Sifa ina njia yake. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa shule ya msingi. Wote walipewa maswali mepesi wakafaulu. Baadhi wakasifiwa kwa akili zao, baadhi kwa juhudi zao. Yalipokuja maswali magumu wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema zaidi, wakafanya vibaya hata kwenye maswali mepesi yaliyofuata, na walipoambiwa waandike alama zao kwa watoto wengine, wengi zaidi kati yao walidanganya. Inaeleweka: ukiambiwa umefaulu kwa kuwa una akili, ukifeli utasema umekuwa nini?

Lakini "umejitahidi sana" nalo si dawa ya kila kitu. Ukimwambia mtoto aliyekosa yote kwamba amejitahidi, anasikia unamhurumia. Taja kitendo: "Umechora mchoro kabla ya kukokotoa, ndiyo maana safari hii hukupotea." Sifa ya namna hiyo ni maelekezo pia, kwa kuwa kesho anajua arudie nini.

Zawadi nazitumia kwa tahadhari. Mwaka 1973 mtafiti Lepper na wenzake waliwaahidi watoto wadogo waliopenda kuchora cheti endapo wangechora. Wiki chache baadaye, watoto hao walikuwa wanachora kwa hiari kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Kinachopendwa chenyewe kikigeuzwa ujira kinachakaa. Kwa kazi isiyopendwa na mtu, kama kukariri jedwali, zawadi ndogo ya kushtukiza haina ubaya. Kuahidi kabla ndiko ninakokuogopa.

Mbinu inayonisaidia kuliko zote hizo haina gharama: chaguo. "Tuanze na sehemu au tuanze na maumbo?" Yote mawili yatafanywa, ila aliyechagua yeye. Ya pili ni kumrudisha kwenye kurasa za mwanzo za daftari. Anaposema "mimi siwezi", simbishii. Nasema fungua mwanzo. Anaona lile swali lililomtoa machozi wiki ya pili, na mara nyingi anacheka. Simlinganishi na kaka yake, wala na mwanafunzi wangu mwingine, wala na mimi nilipokuwa na umri wake.

Na siku ambayo hataki kabisa? Kwanza angalia kama ni mtoto mchovu. Aliyetoka shuleni saa ile ile hana akili ya kukupa; mwache apumue dakika 10. Kama si uchovu, naomba mstari mmoja tu: "Andika mstari wa kwanza, halafu tuone." Mara nyingi mkono ukishaanza hausimami. Usiposogea, tunafanya kipindi kifupi, na simwambii mzazi kwa sauti ya mashtaka. Vijana wa miaka 15 na kuendelea wanaangalia sana jambo hili. Wakijua wewe ni mpelelezi wa nyumbani, umewapoteza.

HATUA YA 8: Siku zisizo na kipindi

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alikuta kwamba usahaulifu ni mwingi zaidi saa na siku za mwanzo, kisha unapungua kasi. Kwa mwalimu wa twisheni maana yake ni hii: kipindi kimoja kirefu kwa wiki ni kibovu kuliko viwili vifupi. Kama mzazi amelipia dakika 90, omba zigawanywe 45 mara mbili.

Kazi ya nyumbani iwe ya dakika 15. Maswali matano yanatosha: mawili ya leo, mawili ya wiki jana, moja la mwezi uliopita. Kwa vitu vya kukariri, kama msamiati, fomula au miaka ya historia, tumia kadi za Sebastian Leitner, mwandishi aliyeeleza njia hii miaka ya 1970. Swali mbele, jibu nyuma, na visanduku vitatu. Kadi zote zinaanzia kisanduku cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Aliyoipata inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku tatu, kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Aliyoikosa, hata ikiwa imefika cha tatu, inarudi cha kwanza. Kadi aziandike mwenyewe, kwa sababu kuziandika nako ni kujifunza.

HATUA YA 9: Mtihani ukikaribia

Kama wiki sita kabla, punguza mada mpya na ingiza karatasi za mitihani iliyopita. Za kwanza bila saa, zinazofuata kwa saa, za mwisho kwa ukimya kamili na bila msaada. Asahihishe mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Mfundishe kupita karatasi nzima akifanya anayoyaweza, kisha arudi kwa yaliyomgomea. Nimeona watoto wenye uwezo wakiacha alama 30 mezani kwa sababu ya kung'ang'ania swali moja la alama 4.

Usiku wa mwisho hakuna mada mpya. Alale.

HATUA YA 10: Jiondoe

Hatua hii inagusa mfuko wako, ndiyo maana walimu wengi hawaifiki. Akianza kusimama, vipindi viwili kwa wiki viwe kimoja, kisha kimoja kila baada ya wiki mbili. Mwachie apange kipindi: aje na orodha ya alipokwama, wewe ujibu orodha yake. Angalia dalili. Anagundua kosa lake kabla hujakohoa. Anakukosoa ubaoni, tena si lile kosa ulilolitega. Anauliza "kwa nini" juu ya kanuni ambayo anajua kuitumia.

Yule binti wa alama 31 nilikaa naye mwaka mwingine mzima baada ya kulipekua daftari lile. Kipindi cha mwisho alifika na karatasi imekunjwa mara nne, hajavua hata mkoba begani.

"Mwalimu, leo nina maswali mawili tu, halafu naondoka."

La pili alilijibu mwenyewe alipokuwa ananisomea.